Kiti cha Nyuma Katika Chumba cha Usaili

Sharti lilikuwa moja, na mwalimu wa darasa la kwanza alinitamkia pale mlangoni kabla hajanipisha.

"Utakaa kule nyuma. Ukitoa sauti, hata ya kukohoa, mtoto atakayekuwa mbele yangu wakati huo nimemfuta. Tumeelewana, madam?"

"Tumeelewana."

Nikapita katikati ya madawati hadi kwenye kiti kilichoegemezwa ukutani, nikakaa, nikaweka mikono mapajani. Madawati yalikuwa yamesongamana hivi kwamba niliyapitia kwa ubavu. Mbele palikuwa na meza moja, kiti cha mwalimu, na kiti kidogo cha mtoto ambacho miguu yake ilikuwa imekatwa kwa msumeno ili kiwe kifupi. Nje, nyuma ya madirisha yasiyo na vioo, wazazi walikuwa wamejipanga kwenye kivuli cha ukuta. Hakuna aliyeruhusiwa kusogea karibu. Niliwasikia tu wakihimiza watoto kwa sauti za chini: sema kwa nguvu, usiangalie chini, ukiulizwa jina taja yote mawili.

Ilikuwa Novemba, katikati ya miaka ya tisini. Nilikuwa mwalimu mkuu wa nasari iliyokaa ndani ya ukumbi wa kanisa, katika mtaa ulio nyuma ya mahakama za Makadara. "Mkuu" ni neno kubwa kwa kazi ile, maana tulikuwa walimu wawili. Shule zilipofungwa, Aprili, Agosti na Desemba, nilikuwa mwanafunzi wa chuo kikuu, nikisomea shahada ya uzamili katika elimu ya watoto wadogo na uongozi. Swali la utafiti wangu lilikuwa rahisi kulieleza na gumu kuliishi. Je, mtoto wa mtaa kama wetu anaweza kuwa tayari kwa darasa la kwanza kwa kucheza, kuzungumza na kushika vitu, bila kukaririshwa? Na mkuu wa shule afanye nini ili walimu waliozoea kukaririsha wamfuate?

Kwetu mtoto hakuingia darasa la kwanza kwa kufikisha umri tu. Alifanyiwa usaili, ambao wazazi waliuita intaviu kwa sauti ile ile waliyotumia kutaja hospitali. Nafasi zilikuwa chache kuliko watoto. Mwalimu alimwita mtoto mmoja mmoja, akamwuliza jina, akamhesabisha, akamsomesha herufi. Aliyeshindwa alirudi nasari kungoja mwaka mwingine. Kwa hiyo nasari zote za Eastlands, upande wetu wa mashariki ya jiji, zilifundisha usaili. Ungeshuka Jogoo Road asubuhi kuelekea Shauri Moyo ungesikia wimbo mmoja ukitoka katika kila ukumbi na kila banda la mabati, ei, bii, sii, na rula ikigonga meza.

Mtoto aliyenipeleka kwenye kiti kile alikuwa msichana wa miaka saba. Mwaka uliotangulia alikataliwa katika chumba hicho hicho kwa sababu hakufungua mdomo. Hakuwa bubu. Nyumbani aliongea na baba yake. Darasani aliongea akidhani hakuna anayemsikiliza, na aliongea na vipande vya mbao. Baba yake alikuwa mchongaji, mtu wa Ukambani, mwenye kibanda cha kazi pembeni mwa Shauri Moyo. Alituletea gunia la vinyago vilivyoharibika: twiga waliokatika shingo, vifaru wasio na pembe, tembo mwenye sikio moja.

"Hawa wamepata ajali kazini," aliniambia siku alipolitua gunia. "Mtalii hanunui twiga asiye na kichwa."

Watoto waliwanunua mara moja, kwa vifuniko vya soda. Binti yake aliwapanga kama mifugo zizini, akawahesabu kwa macho, akiwanong'oneza. Mimi niliketi pembeni nikiandika. Msimamizi wangu wa chuo kikuu alikuwa amenikanya mapema: mtafiti hutazama, haingilii. "Ukiingilia," alisema, "utakuwa unajichunguza mwenyewe."

Mama wa mtoto hakupenda hata kidogo. Aliuza mitumba katika soko la Gikomba, na alizoea kutazama kitu mara moja na kukitia thamani. Mwezi wa Septemba alinijia ukumbini na mumewe nyuma yake.

"Mwalimu, nimepita hapa mara tatu. Mara zote watoto wanacheza."

"Wanajifunza, mama."

"Huyu wangu ana miaka saba. Akikataliwa tena, kanisa lenu halimtaki, si mmesema hapa ni mwisho miaka saba? Akademia za kulipia si zetu. Mimi natoka nyumbani gizani. Nimwachie nani? Akikataliwa, Jumamosi hiyo hiyo anaenda kwa nyanya yake kijijini, shule ya huko inachukua kila mtu. Nimeshaongea na nyanya. Kwa hiyo mimi nitakuwa mama wa Krismasi." Akavuta pumzi. "Mtoto wangu si kitabu chako."

"Mpe mwalimu muhula huu mmoja," baba akasema.

"Wewe nyamaza. Wewe unaongea na miti, na sasa umemfundisha mtoto."

Baba akacheka. Mama hakucheka, wala mimi. Niliomba muhula mmoja, na mama akaondoka bila kusema ndiyo wala la.

Mwalimu mwenzangu alikuwa akifagia. Alikuwa amefundisha katika ukumbi ule miaka mingi kabla sijafika, na alinizidi umri kiasi cha kuniita binti, kama angetaka. Hakutaka. Aliniita Madam Profesa. Aliishi mtaa wa Huruma, na kila alfajiri alitembea mpaka kwetu kufungua mlango, kwa sababu akina mama wa sokoni walileta watoto kabla ya jua. Mimi nilifika saa mbili. Mwanzoni mwa mwaka nilikuwa nimemkalisha na kumweleza mpango wote: hakuna kukaririsha, hakuna rula, tunafuata mchezo wa mtoto. Alisikiliza hadi mwisho, akasema, "Sawa, Madam Profesa." Katika sura ya uongozi ya tasnifu yangu niliandika kwamba mwalimu msaidizi amekubali mabadiliko.

Siku ya usaili ndiye aliyewaongoza watoto wetu kwa mstari hadi shule ya msingi. Mimi nilitangulia kuomba ruhusa ya kuketi ndani.

Wa kwanza wetu kuitwa alikuwa mvulana mwenye maneno mengi.

"Unaitwa nani?"

Akataja majina yote mawili, kwa nguvu. Kisha akauliza, "Na wewe?"

"Hapa mimi ndiye nauliza."

"Sawa. Lakini unaitwa nani?"

Mwalimu alinitazama juu ya kichwa cha mtoto. Nilitazama madawati. Hivyo ndivyo tulivyowazoeza, kwamba mtu akikuuliza nawe unaweza kumwuliza, na sasa nilijiona nimewatuma mbele ya hakimu bila kuwafunza adabu za mahakama. Mvulana alipita, maana alijibu kila kitu na zaidi. Aliyemfuata alipita. Mwingine alilia, akapewa nafasi ya kurudi baadaye. Kila mmoja alipotoka nilisikia mama mmoja nje akipumua.

Kisha akaingia binti wa mchongaji.

Alikaa kwenye kiti kilichokatwa miguu na magoti yake yakapanda juu, kwa kuwa alikuwa mrefu kuliko wenzake. Mwalimu alianza na jaribio la zamani, lile ambalo nami nilifanyiwa nikiwa mtoto: pitisha mkono wa kulia juu ya kichwa, ushike sikio la kushoto. Mtoto ambaye umri haujatimia hafikii. Huyu alifikia na kulipita, vidole vikagusa shavu.

"Mbona mkubwa hivi? Mwaka jana ulikuwa wapi?"

Alikuwa hapa, nilitaka kusema. Alikuwa kwenye kiti hicho hicho na wewe ndiwe uliyemkataa. Nikafunga mdomo mpaka meno yakauma.

"Unaitwa nani?"

Kimya.

"Nakuuliza jina. Jina lako unalijua?"

Aliinua macho, akayazungusha chumbani taratibu, dawati moja baada ya jingine, mpaka yakanifikia. Sikuweza kutikisa kichwa wala kutabasamu. Nilikaa kama ukuta. Aliniacha akarudi kwa mwalimu.

"Haya, hesabu. Moja mpaka ishirini. Ukishindwa moja tu basi."

Kimya. Nje mtu alikohoa. Kalamu ya mwalimu ilikuwa imeshuka mpaka karibu na karatasi, na nilijua akishaandika hatafuta, maana watoto waliokuwa nje walikuwa wengi na asubuhi ilikuwa inakwisha. Nilianza kupima. Nikisema neno moja tu, "mpe vitu ashike," atafutwa kwa sababu yangu. Nisiposema, atafutwa kwa sababu ya kimya chake. Kwa namna zote mbili Jumamosi ataondoka.

"Mara ya mwisho," akasema mwalimu, bila ukali. "Hesabu."

Mtoto akafumba macho, akanyoosha mgongo, akaanza kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia ikitoka kwake. Ilikuwa nzito, ya mtu mzima aliyechoka.

"Moja. Mbili. Tatu. Nne. Tano. Kaa wima. Sita. Saba. Nane. Futa kamasi. Tisa. Kumi."

Kalamu ikasimama.

"Futa nini?"

Hakusikia. Alikuwa ndani ya ule wimbo na hakuwa na mlango wa kutokea. "Kumi na moja. Kumi na mbili. We wa nyuma nakuona. Kumi na tatu."

Niliijua sauti ile. Niliijua hata pumzi iliyovutwa baada ya kumi na tatu, na kiganja kilichokuwa kikipiga paja mahali ambapo rula ingepiga meza. Nilifanya kazi na mwenye sauti ile kila siku. Yote niliyokuwa nimeyaona mwaka ule yakajipanga upya kichwani: vumbi la chaki lililofagiliwa chini ya ubao ambao mimi siku hizo sikuugusa, watoto waliokuja kwenye zizi la vinyago wakihesabu mfululizo bila kusita, na mimi nikiandika kwa furaha kwamba mchezo umewafikisha ishirini. Kumbe kabla sijashuka kwenye basi walikuwa wameshafundishwa saa nzima.

Alifika ishirini. Akafumbua macho, akasema, "Haya, pigeni makofi," akajipigia.

Mwalimu wa darasa la kwanza aliweka mkono mdomoni. Mabega yake yalitikisika kidogo, kisha yakatulia, naye akarudi kuwa msaili.

"Vizuri. Baada ya kumi na tano ni ngapi?"

Kimya kikarudi. Nilikielewa. Wimbo haukuwa na mahali pa kuingilia katikati; ungeweza tu kuanza moja. Midomo ya mtoto ilicheza, nadhani alikuwa akirudi mwanzo, lakini mwalimu hakungoja. Alifungua droo, akamwaga vifuniko vya soda juu ya meza.

"Nipe saba."

Mtoto aliviangalia. Hakunyoosha kidole kuhesabu. Alivivuta kwa kiganja, vitatu, kisha vinne, akavisukuma mbele.

Mwalimu akavihesabu mwenyewe. "Hawa ni watoto. Watatu wameenda nyumbani."

Mtoto akavirudisha vitatu.

"Wamebaki wangapi?"

Vidole vinne hewani.

"Sema."

Vidole vinne, vimenyooka zaidi.

"Kidole si jibu. Darasani nina watoto themanini. Nitaona vidole vya nani? Sema."

Hakusema. Mwalimu alingoja, naye mtoto alishikilia vidole vyake mpaka vikaanza kutetemeka. Mwishowe mwalimu akasema, "Nenda nje," akaandika kitu kifupi sana. Nilijaribu kusoma mwendo wa kalamu kutoka nyuma ya chumba. Haukuniambia chochote.

Nilitoka kabla ya mtoto aliyefuata. Mwenzangu alikuwa kwenye bomba la maji, akiwanawisha watoto waliomaliza.

"Tangu lini?" nikamwuliza.

Hakujifanya hajui. "Kwani amesema nini?"

"Amesema futa kamasi."

Alifunga bomba. Uso wake ulipigana na cheko, na cheko likashindwa. "Na ameendelea baada ya hapo?"

"Mpaka ishirini. Nakuuliza tangu lini."

"Tangu Septemba. Kuanzia nikifungua mlango mpaka nikiona basi lako."

"Mwanzoni mwa mwaka tuliongea nini?"

"Uliongea wewe, madam. Mimi nilisikiliza." Alijifuta mikono kwenye leso. "Sikiza. Ukifika saa mbili unawakuta wameamka, wamekunywa uji, wamefutwa. Mimi nawapokea gizani, wengine wanalia, mama ameshakimbia. Nitafanya nao nini saa ile? Nilizoea kuwaimbisha hesabu wanyamaze. Nilijaribu kuacha. Kisha huyu mama akaja akaniomba."

"Mama yupi?"

Hakuhitaji kujibu. Mama wa mtoto alikuwa amesimama nyuma yangu, kikapu mkononi.

"Mimi," akasema. "Nilimwambia asikuambie. Kosa likiwa lipo ni langu. Usimguse huyu mwalimu."

"Mama, sikuja kumgusa mtu."

"Sauti yako inasema umekuja kugusa."

Nilikuwa nimesoma vitabu vizima juu ya mwalimu anayemgeuka mkuu wake. Vilikuwa na hatua za kufuata: mwite faraghani, msikilize, mweleze lengo tena. Hakuna kilichozungumzia bomba la maji, wanawake wawili walionizidi umri, na mtoto katikati yetu akinywa maji kwa kiganja. Nilikuwa na hasira, na chini ya hasira palikuwa na hofu. Kama angechukuliwa, angechukuliwa kwa sauti ya rula, na tasnifu yangu ingekuwa uongo. Kama angekataliwa, angekuwa amekataliwa pamoja na rula na vinyago, na sisi wote watatu tungekuwa tumemshindwa. Nilijichunguza ni lipi kati ya hayo mawili nililiogopa zaidi. Lilikuwa la pili, na hilo lilinituliza kidogo.

"Nitaandika haya yote," nikamwambia mwenzangu.

"Andika. Andika hata kamasi." Kisha akapunguza sauti. "Ukitaka kunifukuza, nifukuze kesho. Leo tungoje jina."

Tukangoja. Baba alifika kutoka kazini na vumbi la mbao kwenye nyusi, akauliza kwa macho, mkewe akajibu kwa mabega. Jua lilihama kutoka ukuta mmoja hadi mwingine. Hakuna aliyekula. Mama alimfunga binti yake kamba za viatu, akazifungua, akazifunga tena.

Mwalimu mkuu wa shule ya msingi alitokea barazani alasiri, mwalimu wa darasa la kwanza kando yake. Alikuwa mwanamume mwenye sauti ya kutangazia michezo. Alianza kuita. Kila jina lilipoitwa upande mmoja wa uwanja ulipiga kelele. Mvulana wetu mwenye maneno akaitwa. Wa pili wetu. Hata yule aliyelia akaitwa. Mama alikuwa amenishika mkono juu ya kiwiko, nadhani hakujua ni mkono wa nani. Kisha mwalimu mkuu akakunja karatasi.

Mkono ukaniachia.

"Bado mmoja," mwalimu mkuu akasema. "Mtoto wa fundi wa vinyago yuko? Mleteni hapa mbele."

Watu wakapisha. Baba akamwongoza mpaka kwenye ngazi ya baraza, akamwacha hapo.

"Mwalimu huyu hapa ananiambia unajua hesabu," akasema mwalimu mkuu, akiinama. "Lakini anasema huongei. Mimi siwezi kumweka darasani mtoto asiyeongea. Akiumwa tutajuaje? Kwa hiyo niambie kitu kimoja tu. Jina lako."

Alichagua swali lile lile lililomshinda kule ndani. Nilimwona mwenzangu akifungua mdomo, na nikajua anataka kumwanzishia wimbo, moja, mbili, kwa kuwa ndiyo njia pekee ambayo mtoto alikuwa amewahi kupita. Nikamshika bega. Yeye akanishika mkono wangu uliokuwa begani mwake. Tukabaki hivyo. Sijui hata leo nani alikuwa akimzuia nani.

Mtoto alimtazama mwalimu mkuu. Kisha akageuza shingo, akatazama kupitia mlango uliokuwa wazi nyuma yake, kule ndani, kwenye yale madawati yaliyosongamana. Alitazama muda mrefu. Alipoongea hakutumia sauti ya mtu yeyote. Ilikuwa nyembamba, ya kukwaruza, na waliokuwa nyuma uwanjani hawakuisikia.

"Nitakaa wapi?"

"Nini?"

"Kumejaa. Nitakaa wapi?"

Mwalimu mkuu alisimama wima. "Sikukuuliza hivyo. Nimekuuliza jina."

Nikaona mtoto amefunga mdomo tena, na nikajua hatalisema jina lile, si siku hiyo. Mwalimu mkuu akageukia karatasi yake.

Mwalimu wa darasa la kwanza ndiye aliyezungumza, na alizungumza kwa kuchoka, kama mtu anayejiongezea mzigo huku akijua uzito wake. "Anaongea, mwalimu mkuu. Umemsikia. Tena swali lake ni la maana, mimi mwenyewe najiuliza kila Januari. Atakaa mbele, kando ya meza yangu. Nitamletea kile kiti kifupi."

"Una themanini."

"Nitakuwa na themanini na mmoja anayejua kufuta kamasi."

Wachache waliosikia walicheka, wengine wakacheka kwa kuwa wale wamecheka. Mwalimu mkuu alimtazama mwalimu wake, akatikisa kichwa, akaandika akiwa ameegemea nguzo. "Haya. Nendeni. Sare ni Januari."

Hakuna aliyepiga kelele upande wetu. Baba alikaa kwenye ngazi pale pale, akajifuta uso kwa kiganja, vumbi la mbao likageuka tope. Mwenzangu alisema "asante Mungu" mara moja tu, kisha akaanza kuwapanga watoto kwenye mstari wa kurudi, akiwaambia wakae wima.

Likizo ya Desemba nilimweleza msimamizi wangu kuhusu saa ile ya alfajiri. Aliniuliza, "Sasa una utafiti gani?" Nikamjibu kwamba nina utafiti wa kilichotokea, kama atanivumilia. Hakufurahi. Niliandika upya zaidi ya nusu, na sura ya uongozi niliiandika nikiwa nimeketi ukumbini gizani pamoja na mwenzangu, kwa sababu tangu Novemba ile nilianza kufika wakati anaofika yeye. Tuligombana sana asubuhi zile. Rula aliiacha kabla ya wimbo. Wimbo hakuuacha, ila aliniruhusu niwaanzishe watoto kwenye kumi na tatu.

Lakini jioni ya siku ile ile ya usaili niliandamana na mama wa mtoto hadi mjini, kwenye stendi ya mabasi ya mashambani, kwa kuwa nyumbani kwa nyanya hakukuwa na simu na njia ya kumfikia ilikuwa utingo wa basi la kwao. Mtoto alikuwa amelala mgongoni mwa baba, mrefu, miguu ikining'inia. Mama alimpata utingo akifunga magunia juu ya basi.

"We! Ukifika kwetu pitia kwa mama. Mwambie mtoto haji Jumamosi."

"Ati haji? Mama yako amenituma godoro dogo, nimempelekea jana."

"Mwambie haji."

"Godoro je?"

Mama alifikiri. Nilimwona akitaka kutabasamu na akiogopa, kama mtu asiyeamini bado kwamba hakuna atakayemwita arudi barazani.

"Mwambie alikalie yeye," akasema. "Na Krismasi tutakuja wote watatu."